Sauti ya Taa

Bi Hanuni wa Barabara ya Kumi na Saba
ametolewa mtoto wa jicho kule Bombo, jicho la kushoto.
Amerudi Ngamiani na miwani nyeusi na amri moja:
"Isizimwe, Mwantumu. Ipungue.
Nina magauni sita ya harusi ya Pongwe
na hili jicho jipya halina adabu,
linakunywa kila linachowekewa."

Nikaegesha baiskeli, nikapanda stuli.
Betri ya bajaji, volti kumi na mbili,
waya mwekundu, waya mweusi, paneli juu ya bati,
na ukanda wa taa ndogondogo kwenye boriti
ukimwaga weupe kama chokaa mbichi.

Siku ya kwanza nilifunga resista.
Mwanga ulishuka, kweli,
lakini resista ikachemka kama kikaango cha vitumbua;
nikaigusa, nikalamba kidole.
Tulichoinyima taa tulikuwa tunakichoma bure.
Bi Hanuni akaitazama kwa jicho moja:
"Huko si kupungua. Huko ni kununa."

Siku ya pili nikaja na transista
na kirungu cha redio ya marehemu babu,
kile cha sauti, rangi ya maziwa yaliyoungua,
alichokuwa akikizungusha habari zikianza.
Nikamweleza:
taa yenyewe haipungui, bibi.
Inawaka yote, inazima yote,
inawaka, inazima,
na jicho, kwa uvivu wake au kwa huruma,
linakoroga vyote viwili na kuviita mwanga hafifu.
"Basi ni uongo."
Ni uongo unaotunza betri, nikamjibu.

Akacheka. Akakanyaga cherehani.
"Hee, mbona gurudumu limesimama?"

Halikusimama.
Kila taa ilipofumbua
ilikuta spoku moja imeshakaa mahali pa mwenzake,
na nyingine, na nyingine,
chuma kizima kinakimbia
na machoni petu kimetulia kama sahani ukutani.
Alinyoosha mkono kuligusa.
Nilichomoa waya nimechelewa kidogo:
ukucha wa shahada ulipasuka, tone moja
likaangukia hariri ya bibi harusi.

Nikalala vibaya.

Siku ya tatu nilibadilisha kapasita,
nikaweka ndogo, ya ukubwa wa punje ya dengu,
mapigo yakawa maelfu kwa sekunde.
Gurudumu likazunguka kama gurudumu.
Bi Hanuni akavua miwani, akashika kirungu mwenyewe.
"Sauti imezidi," akasema, akaipunguza,
mpaka chumba kikawa na rangi ya chai ya maziwa
na uzi ukaonekana.

Mjukuu wake Shekivuli akaielekeza simu darini.
"Bibi, taa ina michirizi! Nyeusi, nyeupe, nyeusi."
"Ondoa simu yako. Mimi nashona."

Akanilipa elfu kumi na mbili, elfu moja kwa kila volti,
akaniambia nisimzoee.

Njiani, karibu na reli, nikamkumbuka baba.
Alikuwa utingo wa lori la saruji.
Alikuja Alhamisi, akaondoka Ijumaa baada ya swala.
Alipokuwepo, alikuwepo wote:
kicheko, vumbi kwenye kope, machungwa ya Muheza mfukoni.
Asipokuwepo, hata kofia yake haikuwepo.
Lakini ukiniuliza leo nitakuapia
kwamba nililelewa na baba,
mwanga mdogo, usiokatika, nyumba nzima.

Nilimkuta mama ukumbini anachambua mchele gizani,
anaokoa luku.
Nikataka kumuuliza yeye aliona nini miaka ile,
mwanga au michirizi.
Ungo ulikuwa unakwenda na kurudi mikononi mwake.
Nikamsogezea taa.